Kutembelea Karen na Lang'ata: Namna ya Kuipanga Siku

Mgeni anayefika Nairobi kwa mara ya kwanza huambiwa na kila mwenyeji kwamba asiondoke kabla ya kufika Karen na Lang'ata, na mara nyingi hutoka hotelini akiwa na orodha ya mahali saba anapotaka kupaona pote kabla ya chakula cha mchana. Haiwezekani. Vitongoji hivi vya kusini-magharibi mwa jiji vimetanda juu ya eneo pana lenye viwanja vikubwa, nyua ndefu za michongoma na barabara chache za kukatiza, kwa hiyo umbali unaoonekana mfupi kwenye ramani unaweza kukumalizia saa nzima. Ratiba ya siku yote hushikwa na saa tano asubuhi, kwa kuwa ndio wakati ambapo ndama yatima wa ndovu hutolewa mbele ya wageni, nao hukaa hapo kwa saa moja tu. Ukishaipata saa hiyo, mambo mengine yote yatajipanga kabla yake na baada yake.

Kwanza zijue barabara. Lang'ata Road hutoka mjini ikipita Uwanja wa Ndege wa Wilson, bustani ya Uhuru Gardens na lango kuu la Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, kisha hufika kwenye mzunguko wa Bomas ambapo Magadi Road huchepuka kuelekea Ongata Rongai. Yenyewe huendelea hadi Hardy na kuishia Karen, ambako hukutana na Ngong Road inayotoka mjini kwa upande wa kaskazini zaidi. Matatu za nambari 24 hupita Lang'ata Road hadi Hardy na Karen. Za 125 na 126 hugeukia Magadi Road. Na za 111 hufuata Ngong Road kupitia Karen hadi mji wa Ngong. Steji za mjini huhamishwa mara kwa mara, hivyo ni bora umuulize makanga yeyote kwa nambari badala ya kutegemea maelezo ya mwaka jana. Nauli hupanda mvua inaponyesha na jioni watu wanaporudi nyumbani, na hilo halimshangazi mtu yeyote isipokuwa mgeni.

Anayekusudia kuingia mbugani anahitaji gari, la kwake au la kukodi, kwa sababu huruhusiwi kutembea kwa miguu humo isipokuwa katika sehemu chache zilizotengwa. Watu wanne au watano wakichangia gari moja la kukodi kwa siku nzima, gharama huwa ya kuvumilika, na gari hilohilo litawafaa kwa safari fupi za baadaye kati ya kivutio kimoja na kingine. Asiye na gari asikate tamaa: kando ya lango kuu kuna njia ya Nairobi Safari Walk, yenye vijia vya mbao vilivyoinuliwa juu ya ardhi, na kituo cha wanyama yatima kilichoanzishwa 1964, na kote huko huzungukwa kwa miguu. Tiketi zake hulipwa mbali na ile ya mbuga.

Kuhusu malipo, hakuna haja ya kubeba noti nyingi. Ada za mbuga hulipwa kwa njia ya kielektroniki kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen, na kwingineko jiandae kulipa kwa M-Pesa au kwa kadi. Viwango hutofautiana kati ya raia, wakazi na wageni wa kutoka nje, na hubadilishwa mara kwa mara, basi vitazame kwenye mfumo wenyewe usiku wa kuamkia safari. Chukua kitambulisho au pasipoti halisi, kwa maana asiyeweza kuthibitisha uraia wake hutozwa kama mgeni, na mabishano ya langoni saa kumi na mbili asubuhi hayafurahishi. Jambo jingine ambalo wengi hulisahau ni plastiki: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mnamo Agosti 2017, na tangu Juni 2020 chupa za maji na vyombo vingine vya plastiki vya kutumika mara moja haviruhusiwi katika maeneo ya hifadhi. Beba chupa ya chuma.

Fika langoni alfajiri, mara linapofunguliwa. Mbuga hii ilianzishwa 1946, ikiwa ya kwanza nchini, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 117 tu, lakini ndani yake mna simba, chui, nyati, twiga, na vifaru weusi ambao huonekana hapa kwa urahisi kuliko katika mbuga nyingi zilizo kubwa mara kumi. Ndovu wa porini humkuti, na dereva anayekuahidi ndovu anakudanganya. Mbuga imezungushiwa uzio kwa pande tatu. Upande wa kusini mpaka wake ni Mto Mbagathi, na ng'ambo yake ni nyanda za Kitengela ambako pundamilia na nyumbu huenda na kurudi kufuata mvua na malisho. Kwa sababu hiyo, wakati wa kiangazi, maji yanapokauka nyandani, wanyama hujikusanya mbugani kwa wingi zaidi kuliko wakati wa masika. Barabara za ndani nazo huwa na matope mazito kati ya Machi na Mei, na gari dogo linaweza kukwama.

Usikimbilie simba peke yao. Simama mahali pa kumbukumbu ya uchomaji wa pembe za ndovu, ambapo Rais Moi aliziwasha tani 12 mwaka 1989 na Rais Uhuru Kenyatta akazichoma tani 105 mwaka 2016. Majivu yameachwa palepale, na ni miongoni mwa mahali pachache mbugani ambapo unaweza kushuka garini. Ukipata muda, nenda pia kwenye bwawa la viboko, ambako askari wa wanyamapori hukusindikiza kwa miguu kando ya mto. Hata hivyo bwawa hilo liko mbali, upande wa mashariki, na anayelifuata saa tatu na nusu amekwisha kuikosa miadi yake ya saa tano. Nasema hivi kwa uzoefu, kwani niliwahi kulikosa lango kwa robo saa, na sikuwa na wa kumlaumu ila nafsi yangu.

Kituo cha ndama wa ndovu kinaendeshwa na Sheldrick Wildlife Trust, shirika ambalo Daphne Sheldrick alilianzisha 1977 kwa kumbukumbu ya mumewe David, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa mbuga ya Tsavo Mashariki. Kimo ndani ya mipaka ya Mbuga ya Nairobi, lakini wageni huingilia lango la upande wa Magadi Road, si lango kuu. Nafasi huwekwa mapema kupitia tovuti ya shirika, na wakati wa likizo za shule hujaa siku nyingi kabla. Tarehe 25 Desemba hakifunguliwi. Kumbuka kwamba kiingilio cha kituo na ada ya mbuga ni malipo mawili tofauti.

Fika robo saa kabla, ujipatie nafasi karibu na kamba. Ndama huja mbio kutoka vichakani kwa makundi, wadogo kwanza, hunyweshwa maziwa kwa chupa kubwa, kisha hugaagaa matopeni huku mlezi mmoja akieleza kila mmoja alikotoka: huyu alitumbukia kisimani, yule mamaye aliuawa na majangili, mwingine aliachwa na ukame. Walezi hulala nao usiku katika vibanda vyao, kwa kuwa ndama mchanga asiye na mwenzake hudhoofika upesi hata akishiba. Wanapokua, hupelekwa Tsavo na sehemu nyingine za upande huo ili wazoee ndovu wa porini kidogo kidogo, na baadhi yao wamekwisha kurudi wakiwa na watoto wao wenyewe. Vaa nguo ambayo haitakuuma ikipakwa tope jekundu, na wafunze watoto wasipige kelele.

Saa sita mchana, rudi kwenye mzunguko wa Bomas na uelekee Giraffe Centre, yaani kituo cha twiga. Anayetumia matatu ashukie Hardy, kisha achukue bodaboda. Kituo hiki ni matunda ya kazi ya Jock na Betty Leslie-Melville, ambao katika miaka ya 1970 walianza kuwalea ndama wa twiga aina ya Rothschild, wakati ambapo waliobaki porini nchini walikuwa mia na ushee tu na shamba ambamo twiga hao walikuwa wakiishi huko magharibi mwa Kenya lilikuwa likigawanywa. Utamtambua twiga huyu kwa miguu yake, ambayo kuanzia goti kwenda chini haina madoa, kana kwamba amevaa soksi nyeupe. Wageni hupewa chembe za chakula na kumlisha kutoka kwenye jukwaa lililo sawa na kichwa chake. Mpe kwenye kiganja, moja moja, wala usimweke chakula mdomoni mwako kwa ajili ya picha. Usimkaribie ukiwa mikono mitupu pia, maana twiga aliyezoea kulishwa hukasirika na anajua kupiga kichwa. Wengi wakishapiga picha huondoka, ilhali ng'ambo ya barabara kuna msitu mdogo wa kituo hichohicho wenye njia tulivu na ndege wengi.

Kutoka hapo hadi Makumbusho ya Karen Blixen ni safari fupi kwa gari. Nyumba ilijengwa 1912 na Åke Sjögren, Msweden, na baadaye ikawa makazi ya Karen Blixen, mwandishi Mdenmark aliyelima kahawa hapa hadi 1931. Shamba lilishindwa kwa sababu ambazo mkulima yeyote wa Nyeri angemweleza bure: mahali ni pa juu mno kwa kahawa, pana baridi, na mvua haitoshi. Ardhi iliuzwa, ikakatwakatwa viwanja, na ndivyo kitongoji kilivyozaliwa. Wengi husema jina la Karen limetokana naye. Wapo wanaolihusisha na binti wa mwenyekiti wa kampuni iliyomiliki shamba, ambaye naye aliitwa Karen. Serikali ya Denmark iliinunua nyumba na kuikabidhi Kenya wakati wa uhuru, na makumbusho yakafunguliwa 1986, mara baada ya filamu ya Marekani iliyoifanya nyumba hiyo kujulikana duniani kote. Baadhi ya vyombo vilivyomo vilitoka kwenye filamu hiyo, kwa hiyo muulize mwongozaji kipi ni cha asili na kipi si cha asili.

Muulize na jambo lingine ambalo halisemwi mpaka liulizwe, nalo ni habari za watu wengine wa shamba: Farah Aden, Msomali aliyesimamia nyumba, Kamante Gatura aliyekuwa mpishi, na familia za Wakikuyu zilizoishi na kulima hapo, ambazo mauzo ya shamba yaliziacha zikitafuta pa kwenda. Waongozaji wazuri hulijibu swali hilo kwa furaha, na ziara huwa na maana tofauti kabisa. Halafu keti kwenye nyasi za nyuma ya nyumba, utazame Milima ya Ngong kabla mawingu hayajaifunika.

Kwa chakula, migahawa ya bustanini ya Karen ni mizuri na ni ya bei ya Karen. Anayetaka kula nyama choma kwa bei ya kawaida aende Ngong mjini au Kiserian, ambako nyama huchaguliwa ikiwa mbichi na kupimwa kwa kilo mbele yako. Zawadi zinunuliwe Kazuri, karakana ya shanga za udongo iliyoanzishwa 1975, ambako kina mama, wengi wao wakilea watoto peke yao, wanafinyanga na kupaka rangi mbele ya wageni. Bomas of Kenya, ambayo Mkenya huifahamu zaidi kwa kujumlishwa kwa kura za urais kuliko kwa ngoma zake, iliingia katika ujenzi mkubwa mwaka 2025. Piga simu kwanza kabla ya kuipangia mchana wako.

Vyovyote iwavyo, ondoka Karen kabla ya saa kumi jioni au baada ya saa mbili usiku, kwani kati ya saa hizo msongamano wa magari hauna huruma, hasa kwenye Magadi Road. Beba koti hata ikiwa asubuhi ni ya jua: kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya huku humshangaza hata mtu wa Nairobi mjini.

Milima ya Ngong iachie siku ya pili. Panda matatu ya 111 hadi mwisho, kisha bodaboda hadi lango la Shirika la Huduma za Misitu, ulipe na uombe askari wa kukusindikiza, hasa mkiwa wachache. Njia hufuata mgongo wa milima, inapanda kilele kimoja na kushuka ili ipande kingine, na sehemu ya juu kabisa hufikia mita 2,460. Mkono wa kulia unaliona Bonde la Ufa likishuka hadi linapotelea kwenye ukungu wa joto. Mkono wa kushoto, Nairobi. Na mwanzoni mwa njia, mitambo ya umeme wa upepo ikivuma juu ya kichwa chako. Upepo ni mkali, kivuli hakuna, na maji hayauzwi huko juu. Anza saa mbili asubuhi, tembea taratibu, na mchana utateremkia Kona Baridi, kwenye barabara ya Magadi, ambako utasubiri matatu ya kukurudisha Kiserian kwa wakati wa nyama choma.