Kumdai fidia wakili aliyekuharibia kesi Marekani: mambo ya kuzingatia kabla

Anza na tarehe. Kila jimbo la Marekani lina sheria yake kuhusu muda wa kumdai wakili fidia kwa uzembe, na majimbo yanatofautiana mno. Ohio, Kentucky na Tennessee zinakupa mwaka 1 tu. Texas ni miaka 2, New York 3, Minnesota 6. California ni mwaka 1 tangu ulipogundua kosa au miaka 4 tangu lilipotendeka, kutegemea upi unaisha kwanza. Mtu wa Columbus, Ohio, akimsikiliza ndugu yake wa Minneapolis, Minnesota, anayemwambia "muda bado upo", anaweza kupoteza haki yake yote. Muda huo unaanza kuhesabiwa lini hasa ni jambo linalobishaniwa sana mahakamani, hivyo jipangie kwa tarehe ya mapema kuliko zote.

Faili lako liombe kwa maandishi, kabla hamjagombana ikiwezekana: mkataba wa malipo, barua, risiti, kila karatasi iliyopelekwa mahakamani. Ujumbe wa WhatsApp uhifadhi pamoja na tarehe zake. Na kama mlizungumza kupitia mkalimani, au mtoto wako ndiye aliyekutafsiria, andika ni nani, lini, na mliambiana nini. Wengi wetu hatuna barua ya kuonyesha. Tuna mazungumzo tu, na mazungumzo yasiyoandikwa hukanwa kirahisi.

Baada ya hapo, isome sheria ya jimbo lako mwenyewe, hata kama utatafuta wakili mwingine. Haitakugharimu kitu. Vifungu vya sheria viko kwenye tovuti ya bunge la jimbo. Hukumu utazipata bure kwenye Google Scholar, ambako unaweza kuchagua mahakama za jimbo moja tu, au kwenye tovuti ya CourtListener. Texas State Law Library ya Austin inawaruhusu wakazi wa jimbo kujisajili na kutumia baadhi ya hifadhidata zake wakiwa nyumbani; California ina maktaba ya sheria katika kila kaunti. Mkutubi hatakushauri ufanye nini, kwani haruhusiwi, ila atakuonyesha pa kutazama. Mwombe maelekezo ambayo jaji huwasomea raia wa jopo, yaani watu wa kawaida wanaoitwa kuamua kesi, katika kesi ya uzembe wa wakili. Kwa California ni namba 600 na 601, na yameandikwa kwa lugha nyepesi makusudi. Ukurasa mmoja wa hayo utakueleza unachopaswa kuthibitisha vizuri zaidi kuliko matangazo yote ya mawakili.

Fidia ndipo wengi wanapokwama. Chukulia mama aliyegongwa na gari Houston, Texas, kisha wakili wake akakaa na kesi hadi miaka 2 ya kuifungua ikapita. Kosa liko wazi, lakini mahakama haitamlipa kwa sababu ya kosa peke yake. Itauliza kama angeshinda kesi ile ingefunguliwa kwa wakati, na angepata kiasi gani. Kwa hiyo ataendesha kesi ya ajali ndani ya kesi ya wakili, kwa ripoti ya polisi, bili za hospitali na mashahidi, kana kwamba dereva ndiye anayedaiwa. Halafu linakuja swali zito zaidi: fedha hizo zingelipika kweli? Tuseme jopo lingempa dola 80,000, lakini dereva alikuwa na bima ya kiwango cha chini cha Texas, dola 30,000 kwa mtu mmoja, na hana mali nyingine. Texas inalinda nyumba anayoishi mdaiwa, wala mshahara wake haukatwi kwa deni la aina hiyo. Madai ya mama huyu dhidi ya wakili yanaweza kuishia kwenye zile 30,000. Habari za bima ya dereva zitafute mapema.

Uchungu wa moyo, aibu na kukosa usingizi kwa kawaida havilipwi. Naliona hilo kuwa gumu kwa watu waliokwisha kupoteza mengi, lakini ni heri ulijue kabla hujatoa ada. Katika kesi za jinai, majimbo mengi hayatakuruhusu kudai mpaka hatia yako iwe imefutwa.

Malalamiko kwa mamlaka ya nidhamu ya mawakili yanaweza kumwadhibu wakili; fidia ya uzembe haitoki huko. Mifuko ya kuwalinda wateja nayo ni ya fedha zilizoibwa na wakili. Ulizia pia bima yake: Oregon na Idaho zinawalazimisha mawakili kuwa nayo, majimbo mengi hayalazimishi. Akikuletea karatasi ya kumaliza mambo kimyakimya, usisaini. Kanuni za maadili zinamtaka akushauri kwanza, kwa maandishi, utafute wakili mwingine asiyehusika.

Kama ni kesi ya uhamiaji, fedha zisubiri; kwanza pigania kesi yenyewe ifunguliwe upya. Uamuzi wa bodi ya rufaa za uhamiaji uitwao Matter of Lozada, wa 1988, unamtaka anayelalamikia wakili wake alete maelezo ya kiapo, ampe wakili huyo nafasi ya kujibu, na aonyeshe kwamba amelalamika kwa mamlaka ya nidhamu au aeleze kwa nini hakufanya hivyo. Ombi la kufungua kesi upya kwa kawaida lina siku 90 tangu amri ya mwisho, kwa hiyo mambo hayo matatu yaanze mara moja, hata kama faili lako bado liko kwa wakili wa zamani.