Somo: Kuitoa insha ya shule ndani ya hadithi yako

Hadithi nyingi mnazoleta hapa zina visa vizuri, ila majina yakifutwa siwezi kujua ipi ni ya nani. Zote zimetoka darasa moja. Tuliofanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Kenya, tunamkumbuka mwalimu aliyetafuta methali na tamathali kwa kalamu nyekundu, nasi tukazikariri: jua likachomoza kwa madaha, miguu niponye, nikapiga moyo konde. Mtihani wenyewe ulifanywa mara ya mwisho 2023, lakini insha yake bado imo vidoleni mwetu.

Hatua ya 1: Simulia kabla hujaandika. Chagua kisa kifupi, cha dakika tatu hivi. Jirekodi kwa simu ukimsimulia mtu unayemjua: dada yako, au jirani mnayekaa naye barazani. Lazima awepo mtu, kwa sababu ukiongea peke yako utaanza kuhutubia. Halafu nakili neno kwa neno, pamoja na "basi", "kumbe" na "si unajua". Usisahihishe kitu.

Hatua ya 2: Saka maneno ya kuazima. Sasa chukua hadithi uliyowahi kuandika. Pigia mstari kila kifungu ambacho msomaji anaweza kukimaliza kabla hajafika mwisho. Giza… totoro. Machozi yakamtoka njia… mbili mbili. Futa. Usitafute tamathali nyingine ya kuziba pengo. Weka kitu chenyewe.

Kabla: "Ilikuwa asubuhi na mapema. Ndege walikuwa wakiimba nyimbo zao tamu. Mama aliniita kwa sauti nyororo kama ya kinanda akanituma sokoni."

Baada: "Mama akanipa mia mbili. 'Dagaa. Na usiniletee wa jana.'"

Ndege wameondoka na hakuna aliyewauliza. Mama naye sasa tunamjua: alishawahi kuletewa dagaa wa jana, na hajasahau.

Sisemi methali zife. Mpe methali mhusika mwenye shida nayo. Mama mwenye nyumba anayemwambia mgeni "Mgeni siku mbili…" kisha akanyamaza na kuendelea kuchambua mchele, huyo amesema zaidi ya aliyeitamka yote hadi jembe, maana mgeni anaimalizia mwenyewe moyoni.

Hatua ya 3: Cheza na njeo, yaani nyakati za vitenzi. Hapa ndipo nawaomba mkae sana. Watu hudhani sauti ya mwandishi ni msamiati, wanakimbilia kamusi. Mimi naisikia zaidi kwenye vitenzi. Linganisha:

"Alifika. Alivua viatu. Aliketi."
"Alifika, akavua viatu, akaketi."
"Kafika, kavua viatu, kaketi."
"Hufika, akavua viatu, akaketi."

Ya kwanza ni kama maelezo yaliyoandikishwa polisi: kila tendo limesimama peke yake. Kuna hadithi zinazoutaka ubaridi huo, kwa mfano msimulizi anayeficha jambo. Ya pili inatembea, tendo linavuta tendo. Ya tatu ni umbea mtupu. Msimulizi yuko dirishani na mgeni bado yumo ndani. Ya nne inatuambia mtu huyu ana mazoea, na tayari tunasubiri siku atakayoyavunja. Tukio ni lilelile, ila aliyesimama nyuma yake amebadilika mara nne. Andika aya moja ya hadithi yako kwa njia zote nne, kisha sikiliza ipi inafanana na ile rekodi ya simu. Mara nyingi utakuta ukisimulia unachanganya, na mahali unapobadilisha njeo ndipo ulipoanza kuhangaika na kisa. Ukiandika, pahifadhi hapo.

Hatua ya 4: Soma kwa sauti. Ulimi ukikwama, kata.

MASWALI YA WANACHAMA

Mimi si mzawa wa Kiswahili, nyumbani tunaongea Kiluhya. Nitapata sauti kweli, au nitabaki kuiga watu wa pwani?
Mshairi Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, Tanzania, mwaka 1944, akakulia katika Kikerewe. Diwani yake ya 1974, Kichomi, ilipotoka bila vina na mizani, wapo waliosema hayo si mashairi kabisa. Leo huwezi kufundisha ushairi wa kisasa wa Kiswahili ukamruka. Usiige pwani. Kuna namna Waluhya wanavyosimulia jambo, wanapoanzia na wanapochelewesha habari. Lete hiyo, sarufi tutarekebisha.

Naandika Kimvita, lahaja ya Mombasa, mhariri akanigeuzia "nti" kuwa "nchi" na "ndoo" kuwa "njoo". Nikubali?
Inategemea nani anasema. Katika mazungumzo, kataa kwa adabu: bibi wa Mji wa Kale hasemi "njoo". Katika usimulizi, amua tangu ukurasa wa kwanza na usiyumbe, kisha mwandikie mhariri barua fupi kabla hajaanza kazi. Lahaja inayotokea na kupotea ndiyo huonekana kosa la chapa.

Sheng je?
Iwe ya mtaa fulani na umri fulani. Sheng ya jumla, isiyo na mtaa, ni insha nyingine tu. Jua pia kwamba huchakaa haraka, kwa hiyo tumia ile ambayo mhusika wako angeisema mwaka hadithi inapotokea, hata kama wewe umeshaiacha.

Nikisoma mwandishi mmoja kwa muda, naanza kuandika kama yeye. Niache kusoma?
Hapana, ongeza wengine wawili wasiofanana naye. Na huyo mmoja, nakili ukurasa wake kwa mkono, taratibu. Utafika mahali mkono utake kuandika neno tofauti na lake. Weka alama hapo, uniletee hilo neno wiki ijayo.