Kushuti filamu ya familia ya kuungaunga kwenye nyumba moja hapa Moshi

Hatua ya kwanza, kabla hata ya skripti, andika nani anamwita nani nini. Usiruke hii. Kwenye kazi yangu ya mwisho mama yuko Muscat anafanya kazi za ndani, mtoto kabaki Pasua na baba wa kambo pamoja na bibi, ambaye ni mama wa yule baba mzazi aliyeingia mitini. Mbele za watu mtoto anamwita baba wa kambo "anko", akishikwa na homa usiku anaita "baba". Sini ishapatikana hapo na hakuna aliyepigwa kofi, maana bongo muvi makofi tumezidisha jamani.

Ya pili, futa maelezo. Mhusika akisema "unajua mimi sio baba yako mzazi" kata, badala yake onyesha nani anapakua machalari, zile ndizi zetu za nyama, na nani anawekewa nyama kwanza, nani anaingiza tokeni za LUKU umeme ukikata saa nne usiku. Swali zito liweke Desemba, uchagani kila mtu anapanda kwao mgombani, sasa huyu mtoto anapanda kwa nani? Mi niliandika kurasa sita za ugomvi nikabakiza nusu ukurasa: bibi anapanga begi la mtoto, anko anakuja kimya anachomeka sweta, anatoka.

Kibali cha Bodi ya Filamu omba mapema, na mjumbe msalimie kabla hajasikia kwa majirani.

Siku ya kushuti sasa. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo weka kamera fremu (picha) 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda kila picha inapokea mwanga, 1/50 ya sekunde, la sivyo taa za tyubu zitachezacheza kwenye picha. Zima friji ukirekodi sauti, halafu funguo za pikipiki zifungie humohumo ndani ya friji usije ukaondoka umesahau kuwasha, mi nililipa kilo tatu za nyama ya mwenye nyumba ndo nikajifunza. Mvua ikipiga bati kunyweni chai.

Simu ya mama usiigize, mdada anayeigiza mama akae chumba cha pili apige vidio kol ya kweli, na akumbuke Muscat wametangulia saa moja, huku mtoto anakula kule kumeshakuwa usiku. Teki ya tatu mtandao ulikata, mtoto akabaki anaangalia sura yake mwenyewe kwenye kioo cha simu, kijiko mkononi. Hiyohiyo ndo tuliyoweka.