Kuandika vurugu kwa Kizungu bila kusema "many people, very noisy"

Mtu anajiandaa na peipa thrii ya KCSE, ule mtihani wa kuandika insha za Kizungu mwisho wa sekondari Kenya, anafikisha stori yake Muthurwa, soko na steji ya matatu Nairobi, jioni, alafu anaandika "there were many people and it was very noisy". Ni ukweli, lakini msomaji hajaona kitu. Kizungu kiko na misemo ya hii hali ya macho na masikio kulemewa, so jiulize kwanza ni nini hasa imekulemea.

Kama ni spidi, tumia "a blur of". Matatu imekupita Thika Road usiku, hio ni "a blur of purple lights". Gari imesimama steji mchana kweupe haiwezi kuwa blur, labda kama macho yamejaa machozi ama kioo kimejaa mvua. Pia kumbukumbu huingia hapa, "the whole day was a blur", yaani harusi ama mazishi yalipita na hukumbuki nani alisema nini.

Wingi wa watu ni "a sea of faces", lakini hapa watu wengi hukosea mahali pa kusimama: lazima uwe juu kidogo ama mbele yao, kama mhubiri kwa jukwaa. Ukiwa ndani ya umati huoni sea yoyote, unaona shingo ya mtu na jasho lake na kiwiko chake kiko kwa mbavu zako, sasa hio andika "a crush of bodies".

Rangi za nguo kwa soko la Gikomba ni "a riot of colour", na colour inabaki umoja. Moshi wa nyama choma ni "a haze of smoke". Kelele iliyoshikana mpaka husikii sauti moja peke yake ni "a wall of noise", so usiandike hivyo alafu uanze kuorodhesha honi, makanga na spika, utakuwa umeibomoa mwenyewe.

Msemo mmoja kwa paragrafu unatosha, na karibu yake weka kitu kimoja kinachoonekana wazi kabisa: "The stage was a sea of umbrellas, and under the nearest one a woman was counting coins into a boy's wet palm." Hio mkono iliyolowa ndio inafanya tuamini hizo miavuli zingine zote.

"A sea of humanity" achana nayo, imechakaa. Kama ni steji ya boda, sema "a sea of helmets".