Kumzoesha mtoto mchanga usiku na mchana

Mtoto wa siku arubaini hafundishwi kulala usiku kucha. Tumbo lake dogo, maziwa ya mama husagika upesi, na kila baada ya saa mbili au tatu ataamka anyonye, mara 8 hadi 12 kwa siku moja. Kwa jumla hulala saa 14 mpaka 17, ila kwa vipande vipande. Linalowezekana tangu wiki ya kwanza ni kumwonyesha mchana ni upi na usiku ni upi. Saa ya mwili wake huanza kushika akiwa na miezi miwili mitatu, na hapa Lamu kikwazo cha kwanza ni nyumba yenyewe.

1. Mtoe chumba cha ndani

Nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani zina kuta nene, na mwanga haufiki ndani, huko huko mzazi anakokaa na mwanawe mpaka arubaini iishe. Humo saa sita ya mchana na saa sita ya usiku ni mamoja. Halafu watu hushangaa mtoto "amegeuza usiku"! Hakugeuza kitu, hajaonyeshwa.

Kuanzia saa moja na nusu asubuhi, mnyonyeshe kiwandani, yaani uani mwa nyumba, au karibu na dirisha, kivulini, si juani. Mchana usinyamazishe nyumba. Sufuria zigongane, punda wapite, watoto wasome. Magharibi ikiingia, punguza kila kitu: taa moja hafifu iliyowekwa chini, simu mbali na uso wake, maneno machache. Nepi ya usiku badilisha ikiwa na choo au imelowa sana, basi. Ukimchezesha saa nane za usiku, kesho saa nane atakungoja.

2. Kitanda

Alale chali, kila usingizi, mchana na usiku. Hofu ya kwamba atapaliwa akicheua haina msingi kwa mtoto mzima wa afya. Akilala chali njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, na maziwa yakirudi humezwa. Akilala kifudifudi ndipo hatari ya kufa usingizini huongezeka.

Godoro liwe gumu. Libonyeze kwa kiganja, na alama ya mkono ikibaki, halifai. Godoro la sufi huzama, na kitanda cha kamba kilicholegea hufanya bonde ambalo mtoto huviringikia akaegemeza uso. Usiweke mto, hata ule mdogo wa kuunda kichwa, wala blanketi zito. Chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote na kikazwe kisimwangukie usoni. Kikiwa kipya chenye dawa, kianike kivulini siku nzima kwanza. Udi ufukizwe mtoto akiwa chumba kingine, na moshi utoke kabla hajarudishwa.

Alale chumba kimoja na mama, kitanda chake mwenyewe, angalau miezi 6 ya mwanzo.

3. Kumfunga leso (kanga)

Si lazima, lakini husaidia wale wanaoshtuka mikono ikiruka. Tumia leso moja nyepesi iliyokwisha kufuliwa mara nyingi. Itandaze kwa pembe, kunja pembe ya juu kiasi cha shibiri, mabega yakae kwenye kunjo hilo. Vuta upande mmoja juu ya mkono na kifua, uchomeke chini ya mgongo, kisha upande wa pili.

Sehemu ya chini ndiyo inayoharibiwa na wengi. Miguu haifungwi ikanyooka kama mwiko. Iachwe imekunjika na kupanuka kama ya chura, kwa sababu kuinyoosha kwa nguvu kunaweza kutegua nyonga. Vidole viwili vipite baina ya leso na kifua. Siku atakapoanza kujaribu kujigeuza, acha kumfunga kabisa.

4. Mlaze kabla hajachoka kupita kiasi

Mtoto wa wiki chache hustahimili kukaa macho dakika 45 hadi 60, kunyonya kukiwa ndani yake. Ukiona anatazama pembeni, anapiga miayo, nyusi zimekuwa nyekundu, mlaze. Ukingoja mpaka alie, atachukua muda mrefu kutulia.

5. Akiguna, ngoja

Karibu nusu ya usingizi wake ni ule wa kuhangaika: anaguna, anajinyoosha, anakunja uso, hata macho hufunguka kidogo. Bado amelala. Anayemnyakua hapo ndiye anayemwamsha. Tazama dakika moja au mbili, na akianza kutafuta titi au kunyonya ngumi, mchukue kabla kilio hakijapanda.

Maswali ya akina mama

*Assalaam aleikum. Wangu ana siku kumi, mchana hulala saa tano bila kunyonya, usiku hatulali. Nimwache? (Shela)*

Waaleikum salaam dada. Usimwache. Mpaka arudie uzito wa kuzaliwa, ambao wengi huufikia baina ya siku 10 na 14, asipitishe saa tatu mchana. Mvue nguo, mpanguse nyayo kwa kitambaa chenye maji, mweke kifua kwa kifua.

*Mamangu mkwe asema nimpe uji mwepesi au maji ya sukari usiku ashibe. (Matondoni)*

Kabla ya miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake. Uji haumlazi, hujaza tumbo, maziwa yakapungua kwa kuwa hayanyonywi. Mwambie mamako mkwe kwa heshima kwamba kliniki wamekukataza, kisha mpe kazi ya kumpiga mtoto mgongoni mpaka abeue. Hiyo anaijua kuliko sisi.

*Kaskazi hii chumba ni tanuri. Panka ina madhara? (Langoni)*

Haina, mradi upepo uelekee ukutani usimpige usoni. Avae nepi na fulana nyembamba, bila kofia wala soksi. Pima kwa kugusa shingo na kifua, maana mikono na miguu hudanganya. Shingo ikiwa na jasho, amezidiwa na joto, na leso usimfunge.

*Mtoto wa jirani alikuwa analala sana, kumbe mgonjwa. Nitajuaje? (Faza)*

Haamki kunyonya hata ukimwamsha, amelegea, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, joto la kwapani 37.5 au zaidi, au viganja na nyayo zimekuwa manjano. Moja tu kati ya hayo latosha. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na huko visiwani tafuteni boti mapema kabla maji hayajakupwa. Njiani endelea kujaribu kumnyonyesha, na mweke kifuani mwako asipate baridi ya baharini.