Kabla Hita Haijapanda Ukutani: Mambo ya Kuzingatia kwa Mkandarasi wa Mabomba

Simu ya kufunga hita ya maji huja mara nyingi mteja akiwa ameshanunua kifaa, bafu limeshapigwa vigae, na anayesubiriwa ni fundi tu. Hapo mazungumzo huelekea kwenye bei ya kazi na siku ya kumaliza. Maswali yanayoamua kama hita hiyo itakuwa salama hubaki bila kuulizwa: maji yanatoka wapi na kwa presha gani, ethi ya nyumba, yaani waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja, inafanya kazi au ipo kwa jina tu, ukuta ni wa tofali za aina gani, na nani atakayeunganisha umeme. Kwa wanaofanya kazi katika mikoa ya baridi kama Njombe, Mbeya, Iringa na Arusha, ambako kila nyumba ya wageni sasa inatangaza maji ya moto, maswali haya yanapaswa kupata majibu kabla malipo ya awali hayajapokelewa.

La kwanza ni mipaka ya leseni. Mkandarasi anayechukua kazi za ujenzi Tanzania Bara anatakiwa awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1997, na usajili huo ni wa aina maalumu ya kazi. Usajili wa kazi za mabomba haumpi mtu ruhusa ya kufunga umeme. Ufungaji wa nyaya ni kazi inayosimamiwa chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, na anayeifanya anapaswa kuwa na leseni iliyotolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hata kiwe kizuri namna gani, ni ushahidi wa mafunzo na si leseni. Hita ya umeme inakutanisha fani hizo mbili ndani ya chombo kimoja, na hapo ndipo wengi wetu huvuka mpaka bila kujali, kwa sababu waya zilizobaki ni tatu tu na fundi umeme yuko mbali. Ajali ikitokea, hakuna atakayeuliza waya zilikuwa ngapi. Ni vyema fundi umeme mwenye leseni atajwe ndani ya makubaliano ya maandishi tangu mwanzo, gharama yake iwekwe kwenye makisio, na nakala ya leseni yake ibaki katika faili la kazi. Kwa wanaofanya kazi Zanzibar, wasimamizi ni wengine: ZURA kwa maji na nishati, na ZBS kwa viwango vya bidhaa.

Hoteli, hospitali, shule za bweni na viwanda vina jambo la ziada. Hayo ni maeneo ya kazi chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, hukagua mitungi na vyombo vinavyobeba presha. Mkandarasi anayepewa kazi ya kufunga boila la hoteli amuulize mwenye jengo mapema ni lini ukaguzi utafanyika, kwa kuwa boila lililofichwa nyuma ya ukuta usio na mlango haliwezi kukaguliwa na wala haliwezi kutengenezwa.

Kuhusu kifaa chenyewe, kukubali hita aliyoinunua mteja bila kuikagua ni kukubali jukumu ambalo huwezi kulibeba. Itazame alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, kisha usome kibandiko cha mtengenezaji: ujazo, wati, volti, presha ya juu inayoruhusiwa na namba ya kifaa. Hita isiyo na kibandiko, au yenye kibandiko kinachobanduka kwa ukucha, irudishwe dukani. Fungua boksi mbele ya mteja na uhakikishe kwamba valvu ya usalama imo, kwani mara nyingine hupotea njiani na mahali pake huwekwa valvu ya kawaida ya kuzuia maji kurudi, ambayo kwa macho inafanana nayo.

Maji yanahitaji kufikiriwa kwa makini zaidi kuliko inavyozoeleka. Nyumba nyingi mijini hazitegemei bomba la mamlaka moja kwa moja. Zina simtanki juu ya mnara au juu ya paa, na kila mita 10 za kimo hutoa presha ya takribani bar 1 (bar ni kipimo cha presha). Simtanki iliyo mita 6 juu ya bafu haitatosha kuendesha baadhi ya hita za papo kwa papo, na ndiyo maana mwenye nyumba hununua pampu ya presha mwezi mmoja baadaye bila kumwambia aliyefunga hita. Swali la pampu liulizwe sasa. Jibu lake ni muhimu zaidi kwa hita za sola zenye mirija ya kioo ambazo tangi lake halikuundwa kubeba presha: tangi la aina hiyo hulishwa kwa tangi dogo lenye boya, bomba lake la kupumulia huachwa wazi daima, na ukiliunganisha na pampu litapasuka kwenye maungio. Maji ya kisima yapimwe chumvi. Katika maeneo mengi ya Dar es Salaam na ukanda wa pwani maji ya visima yana chumvi nyingi, na chumvi hiyo hula tangi na elementi, yaani kipande kinachopasha maji, upesi. Zaidi ya hayo, huyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi, jambo lenye hatari kubwa kwa hita za kuogea ambazo elementi yake imeguswa na maji bila kufunikwa. Hita hizo zina matoleo yaliyotengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi, na mahali pa kisima cha pwani ndiyo pekee yanayofaa kufikiriwa.

Sasa nifike kwenye valvu ya usalama, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha kazi yote. Maji yakipashwa moto hutanuka. Tangi la lita 80 lililojaa maji ya nyuzi 20, likipashwa hadi nyuzi 70, linahitaji nafasi ya zaidi ya lita moja na nusu ambayo ndani ya tangi haipo. Zamani maji hayo yalirudi taratibu kwenye bomba la baridi na kupanda hadi simtanki. Leo tunaweka kizuizi cha maji kurudi, na hilo ni sahihi, kwani bila hicho hita ingebaki tupu wakati wa mgao wa maji na elementi ikaungua ikiwa kavu. Lakini ukishafunga njia ya kurudi, njia pekee iliyobaki ni ile tundu ndogo ya pembeni ya valvu ya usalama. Kwa hiyo valvu inayodondosha matone wakati hita inapasha inafanya kazi yake. Mteja anaona matone kwenye vigae vyake na anamwita fundi, na fundi asiyeelewa anaziba.

Nilikuta hali hiyo katika nyumba moja ya wageni mkoani Iringa. Niliitwa kwa sababu maji ya moto yalitoka na rangi ya kutu, na nilipotoa kifuniko cha chini nikaona tundu la valvu limezibwa kwa plagi ya chuma iliyozungushiwa tepu ya uzi, kazi safi kabisa ya mtu mwenye mkono mzuri. Sehemu ya chini ya tangi ilikuwa imeanza kuvimba. Kilichowaokoa wageni waliokuwa wakioga humo kila asubuhi ni themostati, kifaa kinachokata umeme maji yakifika joto lililowekwa, iliyokuwa bado nzima. Ingeharibika, au kama mtu angekuwa ameipiga dairekti, yaani kuunganisha umeme bila kuipitia, kama tunavyoona katika hita nyingi za zamani, maji yangepita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu ya presha, na siku tangi linapoachia, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke kwa mara moja na kutaka nafasi mara 1,600 hivi ya ile ya awali. Ukuta wa tofali hauzuii nguvu hiyo. Nimelieleza tukio hili kwa kila kijana aliyefanya kazi chini yangu, na bado linanisumbua ninapolikumbuka.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza, panga njia ya matone. Bomba la kutolea maji kutoka kwenye valvu lielekee chini mfululizo bila kupanda, lisiwekewe koki mahali popote, na liishie juu ya tundu la maji machafu au nje ya ukuta ambapo maji ya moto hayatamwagikia mtu na ambapo mwenye nyumba anaweza kuyaona. Kati ya valvu na tangi pasiwe na koki yoyote. Soma presha iliyochongwa kwenye mwili wa valvu. Nyingi za hita za ukutani huandikwa MPa 0.7 au 0.8, yaani bar 7 au 8. Kama presha inayoingia inazidi bar 5, weka kipunguza presha kwanza, la sivyo valvu itamwaga usiku kucha na utaitwa tena. Ikumbukwe pia kwamba valvu ya namna hii huitikia presha tu. Kwa matangi makubwa na maboila ya hoteli, dai ile inayoitikia presha na joto kwa pamoja.

Upande wa umeme, mkandarasi wa mabomba asiufanye lakini aujue kiasi cha kuukataa ukiwa mbovu. Hita ya wati 2,000 huvuta takribani ampea 9 kwa volti 230, ilhali ya kuogea ya wati 5,500 huvuta karibu ampea 24, na hiyo ya pili haiwezi kuchukuliwa kutoka kwenye soketi wala waya wa taa. Iwe na laini yake kutoka kwenye swichi kuu, breka yake, na kifaa cha kukata umeme unapovuja kwa miliampea 30. Swichi iwe nje ya mahali mtu anaposimama akiwa amelowa. Ethi ipimwe kwa kifaa, si kwa kutazama kama waya wa kijani upo. Katika nyumba za zamani waya huo huonekana kwenye kila soketi na hauendi popote.

Ukuta na paa havihitaji maneno mengi. Tangi la lita 80 likijaa hupita kilo 100, na tofali zenye matundu au ukuta wa mbao hazishiki uzito huo kwa skrubu za kawaida. Sola ya lita 300 ina kilo 300 za maji peke yake, hivyo kenchi zitazamwe na anayezijua kabla tangi halijapandishwa. Bomba za PVC za maji baridi zisitumike upande wa moto kabisa, na PPR, bomba la plastiki linalounganishwa kwa joto, ingawa inafaa kwa hita ya umeme, isianzie moja kwa moja kwenye mdomo wa sola, ambako joto la mchana usio na matumizi hupita uwezo wake. Anza na shaba au bomba la chuma.

Hita za gesi zinaingia kwa kasi, na kuhusu hizo ningependa tuwe wakali. Gesi isiyoungua vizuri hutoa monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu na huua mtu akidhani anasinzia. Hita ya gesi isifungwe ndani ya bafu lenye dirisha dogo, na bomba lake la moshi lifike nje ya jengo. Mteja akisisitiza kuiweka bafuni, iache kazi hiyo.

Kiwango cha joto nacho kiamuliwe mapema. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi vibaya kwa takribani sekunde 5, na ngozi ya mtoto au mzee kwa muda mfupi zaidi. Hata hivyo tangi lililoachwa kati ya nyuzi 20 na 45 ni makazi mazuri ya bakteria wa Legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu. Njia inayofaa ni kuhifadhi maji kwa nyuzi 60 na kufunga valvu ya kuchanganya kabla ya bomba la bafu, hasa penye watoto, wagonjwa au wageni wasioijua nyumba.

Siku ya kukabidhi, jaza tangi hadi maji yatoke kwenye bomba la moto bila hewa, ndipo umeme uwashwe, na usubiri hadi themostati ikate mbele ya macho yako. Mwonyeshe mteja matone, umwambie kwa nini yapo, na umwandikie kwenye karatasi inayobandikwa karibu na swichi: tarehe ya kufunga, presha ya valvu, jina la fundi umeme mwenye leseni, mwezi wa kuinua mkono wa valvu ili isigande, na mwezi wa kukagua fimbo ya magnesiamu, inayoliwa na kutu badala ya tangi na ambayo kwenye maji ya chumvi inaweza kuisha ndani ya mwaka mmoja.