Programu ya Nakala Rudufu Inaposhindwa Kubadili Majina ya Mafaili

Programu nyingi za nakala rudufu haziandiki faili kwa jina lake la mwisho tangu mwanzo. Huliandika kwanza kwa jina la muda, na data yote ikishaingia ndipo hulibadili. Kwa mfano, rsync, programu ya kunakili mafaili, inapopokea mauzo.sql huliandika kwa jina lililofichwa, tuseme .mauzo.sql.Xk3f9a, na jina hilo hutoweka faili linapokamilika. Jina la mwisho ni muhuri kwamba kilichomo ndani ni kizima. Kwa hiyo ukikuta kosa la kubadili jina, swali la kwanza ni kama nakala ilikamilika na muhuri tu ndio uliogoma, au kazi ilikatika katikati. Usibadili jina kwa mkono kabla ya kupata jibu, kwa sababu faili pungufu lenye jina la faili kamili halitajulikana hadi siku ya kurejesha data.

Simamisha ratiba ya kazi za nakala ili kazi inayofuata isifute wala kuandika juu ya kilichopo, kisha linganisha ukubwa na thamani ya sha256 (alama inayokokotolewa kutokana na data iliyomo) ya faili la muda na chanzo chake, ikiwa chanzo hakijabadilika. Kama ni faili lililobanwa kwa gzip, amri ya gzip -t itakuambia kama ni zima. Baada ya hapo fungua logi, yaani kumbukumbu ya matukio ya programu, na utafute mstari wenye namba ya kosa, maana ujumbe wa jumla kwamba kazi imeshindwa hausaidii kitu. Kwenye Windows, 5 ni kunyimwa ruhusa, 32 ni faili linaloshikiliwa na programu nyingine, 183 ni jina ambalo tayari lipo, na 17 ni jaribio la kuhamisha faili kwenda diski tofauti, ambalo kwenye Linux hubeba namba 18.

Upande wa ruhusa, wengi hukagua faili lenyewe na kusahau folda. Kwenye Linux, kinachohitajika ili kubadili jina ni ruhusa ya kuandika kwenye folda, hata kama faili lenyewe ni la kusomwa tu. Fanya jaribio dogo kwa akaunti ileile inayoendesha kazi ya nakala, wala si kwa root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, ambaye hukubaliwa karibu kila mahali na hivyo hukupotosha: unda faili tupu kwenye folda husika, lipe jina jingine kwa mv, kisha lifute. Ikiwa kuunda kunakubalika lakini kubadili jina kunakataliwa, huenda hifadhi imefungwa kwa makusudi dhidi ya mabadiliko. Amri ya lsattr itaonyesha herufi i au a kwenye faili au folda iliyofungwa. Ulinzi huo una faida yake, basi usiuondoe kwa haraka. Ni heri kuielekeza programu iweke mafaili ya muda kwenye folda isiyofungwa.

Kosa la 32 hukera kuliko yote kwa sababu huja na kuondoka. Mara nyingi chanzo chake ni programu ya kuzuia virusi, ambayo hulifungua faili jipya ili kulikagua mara tu linapofungwa, sekunde ileile ambayo programu ya nakala inataka kubadili jina. Iondoe folda ya nakala kwenye ukaguzi wa papo hapo, uiwekee ukaguzi wa ratiba, na uongeze idadi ya majaribio kama programu yako inaruhusu. Kwenye diski ya ndani ya Linux usipoteze muda na sababu hii, kwani huko faili lililo wazi hubadilishwa jina bila pingamizi.

Majina yenyewe ndiyo yenye mitego mingi. Niliwahi kuandika skripti iliyoweka saa kwenye jina, kwa mtindo wa 02:00:00, nayo ilifanya kazi vizuri hadi nilipohamishia nakala kwenye folda ya Windows iliyoshirikiwa mtandaoni, ambako nukta mbili hazikubaliki, kama ilivyo kwa alama ya kuuliza, kinyota na mstari wima. Tangu hapo naandika 20240310T020000Z, yaani tarehe na saa bila vitenganishi, tena kwa saa za UTC (saa ya kimataifa), kwa sababu kwa saa za mahali, siku saa inaporudishwa nyuma, jina lilelile huweza kutokea mara mbili. Windows pia hukataa majina kama CON, AUX na NUL, na programu zake nyingi bado hukwama njia ya faili ikifika herufi 260. Kwenye ext4, mfumo wa mafaili unaotumika sana kwenye Linux, kikomo cha jina ni baiti 255, wala si herufi 255, kwa hiyo jina lenye herufi za Kichina, zinazokula baiti tatu kila moja, hujaa mapema, na kiambishi cha muda kinaweza kulivusha kikomo. Angalia pia Ripoti.pdf na ripoti.pdf: kwenye Linux ni mafaili mawili, lakini kwenye Windows kwa kawaida ni moja, na la pili litagongana na la kwanza.

Kosa la diski tofauti hutibika kwa kuweka folda ya muda kwenye mfumo uleule wa mafaili na folda ya mwisho. Hifadhi za wingu za aina ya S3 (huduma ya Amazon na zinazoiga) kwa kawaida hazina kitendo cha kubadili jina: programu hunakili kisha hufuta, hivyo akaunti isiyo na ruhusa ya kufuta huacha majina yote mawili.

Ukiona kwenye chanzo mamia ya mafaili yamepewa kiendelezi usichokifahamu kwa usiku mmoja, acha kutafuta hitilafu. Tenga seva hiyo na mtandao na uzilinde nakala za zamani zisifutwe, kwani hivyo ndivyo programu za kudai fidia, zinazofunga mafaili ili kudai malipo, zinavyojionyesha.

Ukishasahihisha, endesha kazi kwa folda moja ndogo, hakikisha hakuna jina la muda lililobaki, kisha rejesha faili moja mahali pengine na ulifungue kabla ya kuwasha ratiba tena.